Nani Amlipe Msimamizi wa Simu za Nachingwea

Mpwa wangu anafanya kazi katika ofisi moja ya mikopo. Juzi alinipigia simu akiwa na hasira. Ofisi yao imetakiwa kujisajili kwa wanaosimamia taarifa binafsi za watu, na kujisajili kuna ada.

"Mjomba, wewe umekaa serikalini," akasema. "Inaingiaje akilini tuwalipe haohao wanaokuja kutukagua? Si sawa na timu moja kumlipa refa?"

Swali lake nililifahamu vizuri. Niliwahi kulala nalo na kuamka nalo kule Nachingwea, na hadi leo nikilikumbuka nasahau chai mezani.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi vijana mlioajiriwa kutunza majina, namba na magonjwa ya watu ndani ya kompyuta. Ya kompyuta siyajui sana. Ninayoyajua ni ya vibanda vya simu, na ya mwanamke mmoja aliyekaa kibarazani kwa fundi cherehani akiwa na simu ya mtu mapajani.

Nilifika Nachingwea mwishoni mwa miaka ya tisini, nimetoka chuo kikuu moja kwa moja, mzaliwa wa Ngara, nimepangiwa kazi ya afisa biashara. Ruangwa ilikuwa wilaya changa, imemegwa kutoka kwetu juzijuzi na haina afisa biashara wake, basi nikakaimu huko pia. Watu waliniita Bwana Biashara, kama walivyokuwa na Bwana Shamba na Bwana Afya. Nilikuwa na wasiwasi na kila kitu. Mtu akinisalimia "habari za kazi", nilijiuliza njia nzima kama amesikia kwamba kazi siijui. Niliandika barua ya kuomba kiti cha ofisi, nikaiona ina ukali, nikaandika nyingine, nikaiona ina unyonge, nikaandika nyingine tena, hadi mwaka wa fedha ukaisha nimekalia kreti la soda.

Simu ya mkononi wakati huo ilikuwa ya mtu mmojammoja, na mwenye nayo alizunguka nayo mjini akitafuta mahali inaposhika. Wengine wote tulitegemea vibanda. Kibanda kilikuwa chumba cha mbao au kona ya duka: simu ya waya juu ya meza, saa ya kuhesabia dakika, na benchi la wanaosubiri. Mwanao aliyeko Dar es Salaam alipiga pale, akaacha ujumbe, na mwenye kibanda akamtuma mtu wa baiskeli mpaka kijijini kwako. Kwa hiyo mwenye kibanda alijua nani kalazwa, nani katumiwa hela kwa basi, binti wa nani kamkataa mchumba. Aliyajua hayo kabla ya wenyewe.

Mambo yalianza kuvuja. Mwanamke wa Mkotokuyana alikuta soko zima linajua ujauzito wa binti yake. Mtu alikwenda stendi kupokea bahasha ya hela, akawakuta wanaomdai wamejipanga mlangoni mwa basi. Watu wakaanza kuviogopa vibanda, wakarudia kutuma salamu kwa makondakta. Biashara ikapoa. Wenye vibanda wenyewe wakaja ofisini kwangu, wameshaunda umoja wao, wakataka wapate mtu wa kukagua vibanda na kusikiliza malalamiko, ili wateja warudi.

Nilipekua sheria zote zilizokuwa kabatini. Ya nyama ilikuwepo, ya mizani ilikuwepo, ya leseni ilikuwepo. Ya maneno ya watu haikuwepo. Nilikwenda kwa mkurugenzi wangu kuuliza kama halmashauri inaweza kumlipa mtu huyo. Alinitazama juu ya miwani, akaniuliza kama nimeshapata kiti.

"Basi tutamlipa wenyewe," akasema Hashimu kwenye kikao.

Hashimu ndiye aliyekuwa na vibanda vingi kuliko wote: vya Nachingwea na kingine Ruangwa mjini, ambacho watu wa Chunyu na Mandawa walikitegemea. Mmwera mwenye sauti nzito, duka lake linatazama stendi, mcheshi, mkarimu, na msimu wa korosho alikuwa pia mnunuzi. "Kila mwenye simu atoe ada," akasema. "Mimi nina simu nyingi, nitabeba nusu peke yangu."

Tulimpigia makofi. Mimi nilipiga zaidi.

Jioni hiyo nikaandika kanuni za umoja, na ninakumbuka ile niliyojivunia: msimamizi asiwe na undugu, ujirani wala utani na mwenye kibanda yeyote. Nilitaka mtu safi kama maji ya mvua. Tukampata Mwalimu Kisenge, mstaafu, Mnyaturu wa Singida, ambaye pale mjini hakuwa na ndugu, na alikuwa mpole mno hata kugombana na jirani.

Mwalimu alianza vizuri, na hapa mchukue ufundi kidogo. Alihamisha mabenchi ili wanaosubiri wasikae usawa wa mdomo wa anayeongea. Aliwafundisha watu wa baiskeli kusema "umepigiwa simu" na kunyamaza hapo, hata wakikabwa. Aliagiza kila kibanda kiwe na redio ili maneno yafunikwe. Hilo la redio lilituumbua. Mama Neema, mfanyabiashara kutoka Njombe aliyekuwa na kibanda kimoja karibu na soko, alifungulia redio kwa sauti kubwa kiasi kwamba wateja wakawa wanapiga kelele ili wasikike Dar es Salaam. Siri ambazo zamani zilisikiwa na benchi moja sasa zilisikiwa hadi kwa wauza samaki. Redio zikapunguzwa.

Halafu akaja Mama Somoe.

Alikuwa mkulima wa Mandawa, mjane, analea wajukuu kwa shamba la mikorosho na ufuta kidogo. Alisafiri na gari la mizigo mpaka Nachingwea kunitafuta, akakaa kwenye kiti changu, maana wakati huo kilikuwa kimeshapatikana, nami nikakaa kwenye kreti. Mwalimu Kisenge alikuwepo.

"Kaja yule Shafii, mpwa wake Hashimu," akasema. "Kaja na pikipiki. Kasimama mlangoni, kavua kofia. Mama, pole. Nikamwambia pole ya nini? Pole ya binti yako Hadija, si kalazwa huko Dar? Nikamwuliza, wewe umejuaje? Akasema tuyaache hayo, mama, wewe utahitaji nauli, mjomba kanituma nikusitiri."

Shafii alikuwa na hela mfukoni, tayari. Akampa, na kwa hela hiyo mikorosho yote ya Mama Somoe, ambayo ilikuwa kwenye maua, ikawa imeshauzwa. Kule kusini biashara hiyo tunaiita kangomba: mwenye fedha anamfuata mkulima aliyebanwa, anampa kidogo kabla ya msimu, na msimu ukifika anakuja kuzoa vyote. Ilikatazwa kila mwaka, na kila mwaka ilifanyika.

"Kesho yake," Mama Somoe akaendelea, "ndiyo anafika mtu wa baiskeli. Umepigiwa simu, mama. Nikaenda mwenyewe Ruangwa, kibandani kwa Hashimu. Kumbe ujumbe wa mwanangu wa kiume ulikuwa hivi: Hadija kalazwa, hali nzuri, nauli yako nimekutumia kwa basi. Nauli ilikuwepo! Nimeikuta stendi!"

Nusu ya ujumbe ilifika Mandawa kwa pikipiki, na nusu nyingine kwa baiskeli. Hapakuwa na haja ya kuchunguza zaidi. Mama huyu alipewa pole kabla ya kupewa habari.

Alikuwa amempelekea Shafii hela zake, kamili, hajagusa hata noti moja. Shafii alikataa kupokea. Tumeshakubaliana, mama, alimwambia, korosho ni zetu.

"Mimi sitaki Hashimu afungwe," Mama Somoe akasema. "Nataka apokee hela yake aniachie mikorosho yangu. Wakiokota wao, wajukuu zangu watakula nini mpaka mwaka mwingine?"

Mwalimu Kisenge alivaa koti lake akaenda kwa Hashimu. Nilimfuata nikasimama nje kama mtu anayechagua sabuni. Hashimu alimkaribisha chai na maandazi, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulioniogopesha:

"Mwalimu, chai umeinywa. Ada yangu umeila. Sasa unanishitaki kwa nani?"

Mwalimu aliweka kikombe mezani. Hakuwa mwoga, ila hakuwa na pa kushika. Akisema kwa ukali, atakuwa mgeni anayemtukana mwenyeji wake hadharani. Akisema kwa upole, ameshasema. Mwezi uliofuata Hashimu hakutoa ada. Wengine wakauliza kama mwenye nusu hatoi, wao watoe kwa nini. Mwalimu akaniaga, akaenda kumsalimia mwanawe Manyoni, na tukaelewa kwamba salamu hizo ni ndefu.

Sasa nilikuwa na umoja usio na msimamizi, na mjane ambaye mikorosho yake ilikuwa inaanza kufunga mabibo.

Nikakaa chini kuwaza, kazi ninayoiweza. Niliona tatizo ni namna ya kutoza ada. Kwanza nikasema tutoze kwa wingi wa ujumbe: anayeshika siri nyingi alipe zaidi. Haki tupu. Nikaviagiza vibanda viniletee orodha ya ujumbe vilioupokea, wa nani na wa nani, ili nihakikishe hawadanganyi. Mama Neema akaja na yake, akasita mlangoni.

"Bwana Biashara, sasa hizi zote unakaa nazo wewe?"

Nilitazama meza yangu. Nilikuwa nimeanza kulinda siri za wilaya mbili kwa kuzikusanya zote chumba kimoja chenye kitasa kibovu. Niliwarudishia siku hiyohiyo.

Nikabuni nyingine. Msimamizi alipwe kwa faini: anayevujisha atozwe, na hiyo ndiyo iwe posho. Mama Neema tena: "Mh! Si ataomba tukosee ili apate mboga? Na mwezi tukiwa wema wote, afe njaa?"

Nikabuni ya tatu, na hii niliipeleka kwa Mama Somoe mwenyewe, nilipokwenda Mandawa kukagua maduka. Anayeletewa ujumbe aongeze kidogo, huo uwe mfuko wa kumlipa anayemlinda. Alikuwa anapalilia chini ya mikorosho yake, ile iliyokuwa si yake. Aliegemea jembe akaniuliza polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha Kiswahili chake kimefika:

"Yaani mimi nilipe, ili wao wasinitangaze?"

"Kidogo tu, mama."

"Baba, hayo si ndiyo majambazi wanayosema? Toa hela nisikudhuru?"

Nilirudi Ruangwa nikiwa nyuma ya gari la mizigo, nikiyatafuna maneno hayo pamoja na vumbi. Nilijua tayari kwamba mama amenifungia mlango mmoja kabisa. Anayelindwa asilipe. Serikali haina. Basi wanabaki walewale wenye simu, na tukirudi kwao tunarudi kwa Hashimu na chai yake.

Kwenye kikao kilichofuata, ambacho Hashimu hakuhudhuria, jina la Bi Zuhura likatajwa. Kila mtu alimjua. Alikuwa Myao, mtu mzima, mwenye mgahawa wa wali na samaki nyuma ya soko, mwenye kicheko unachokisikia kabla hujafika. Alisema mambo yake yote kwa sauti, ndoa zake, magoti yake, madeni yake. Ya wateja wake, ambao walikuwa madereva, maaskari na watu waliokwenda pale na wasiotakiwa kwenda nao, hakuna aliyewahi kuyasikia.

"Haifai," nikasema. "Yeye na Hashimu ni watani. Myao na Mmwera. Kila siku wanatukanana pale stendi. Kanuni inakataza, na kwa sababu nzuri. Wataishia kucheka."

Walinitazama kwa huruma. Mzee mmoja wa kibanda cha barabara ya Masasi akaniuliza, "Bwana Biashara, huko kwenu hakuna watani?"

Niliwaambia wapo. Nilidhani hivyo. Niliujua utani kama maneno ya kuchekeshana, ya mpira na ya ulaji. Nilifuta kanuni yangu kwa kalamu nyekundu nikiwa na hakika kwamba ninafuta kazi nzima, na kwamba Mama Somoe ndiye atakayelipa.

Bi Zuhura alikuja ofisini kesho yake, akaniuliza maswali machache. Mwalimu alimwambia Hashimu ndani au nje? Ndani. Alimwambia mara ngapi? Mara moja, na chai. Mama mwenyewe anataka nini hasa? Nikamweleza.

"Vizuri. Siku ya mnada uje. Vaa kofia, tutakaa juani."

Siku ya mnada stendi hujaa. Bi Zuhura aliingia dukani kwa Hashimu bila hodi, akaketi kwenye kiti cha mwenye duka.

"We Mmwera! Kiti chenyewe kigumu kama roho yako."

"Inuka hapo, Myao, utanivunjia," Hashimu akajibu, ameshaanza kucheka. "Umekuja kula bure?"

"Nimekuja kuchukua changu."

"Una nini hapa wewe? Hata jina lako ni la kukopa."

"Sina. Ndiyo maana nachukua." Akanyoosha mkono, akachomoa waya wa simu ukutani, akaikumbatia simu nzima na mkonga wake, akatoka nayo.

Duka zima likapiga kelele za furaha. Kichwani nilikuwa nimeshaanza kuandika maelezo ya polisi: kuchukua mali ya mtu, mchana, mbele ya afisa wa serikali mwenye kofia. Nilimtazama Hashimu nikitegemea aruke meza. Hakuruka. Alishika kiuno akacheka, ila macho yalikuwa yanafikiri.

"Mateka hayo!" Bi Zuhura akamwambia akiwa barabarani. "Ukitaka, ukomboe."

Kwa msiotoka kule: mtani anaweza kuingia kwako akachukua kuku, kofia, sufuria, akakaa nayo mpaka uikomboe, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umejivunjia heshima mwenyewe, na habari itakwenda mbali kuliko ulivyodhani.

Alivuka, akaketi kibarazani kwa fundi cherehani, simu mapajani, waya ukining'inia. Nikakaa pembeni yake. Kila aliyepita alisimama.

"Bi Zuhura, hiyo simu ya nani?"

"Ya mtani wangu. Mdomo wake ulikuwa mpana, nimemsaidia kuufunga."

"Kafanya nini?"

"Anajua."

"Si utuambie!"

"Nikikwambia na mimi nitafungwa wangu. Pita, mama, samaki wako wanaoza."

Hili lisikilizeni vizuri, maana sikulielewa siku ile hadi niliporudi nyumbani. Watu walimbembeleza kutwa nzima. Alitukana ukoo wa Hashimu, alitukana duka lake, alitukana namna Wamwera wanavyopika. Jina la Mama Somoe halikutoka. Mandawa haikutajwa. Ugonjwa haukutajwa, wala korosho. Mji mzima ulijua kwamba kibanda cha Hashimu kimevujisha neno la mtu, na hakuna aliyejua neno lenyewe wala mtu mwenyewe. Nimesoma taarifa nyingi za wakaguzi tangu wakati huo, na nyingine zilimtangaza aliyeumizwa kuliko alivyotangazwa na aliyemuumiza.

Alasiri, wateja wa Hashimu wakiwa wameshahamia kwa Mama Neema, Hashimu akavuka barabara na kreti la soda kichwani kama mchukuzi. Watu wakashangilia. Akaliweka chini akapiga magoti kwa mzaha.

"Mtani, nimekuja kukomboa."

Bi Zuhura alifungua moja kwa meno, akanywa, akanipa nyingine. "Hizi ni za kukaa juani. Kukomboa bado."

"Unataka nini tena, we mwanamke? Duka?"

"Ada. Ya kwako yote, mpaka mwisho wa mwaka, leo, umpe mweka hazina." Kisha akainama, akashusha sauti kiasi kwamba tulisikia sisi watatu tu. "Na kuna hela ya mtu, Shafii alikataa kuipokea. Aipokee. Kwenye ile miti msikanyage."

Hashimu aliacha kucheka. "Ungeniambia ndani, Zuhura."

"Mwalimu alikuambia ndani. Ukamnywesha chai."

Hashimu alitazama simu, akatazama watu, akatazama miguu yake.

"Nimekuelewa, mtani," akasema. Kisha kwa sauti kubwa, kwa ajili ya umati: "Wayao hawa! Watanifilisi mpaka nivae gunia!"

Wiki hiyohiyo Shafii alikwenda Mandawa, akapokea hela. Nilihakikisha kwa macho yangu, kwa sababu mimi ni mimi.

Udadisi uliniwasha. Baadaye nilimfuata Hashimu, nikamuuliza kwa nini alimgomea Mwalimu akamkubalia Zuhura, wakati wote wawili walikuwa wanakula ada yake. Aliniona mtoto. "Bwana Biashara, siku nikifa, nani atanichimbia kaburi? Nani atanibeba? Hawahawa watani. Mwalimu nilimweka mimi kwa hela yangu, ningeweza kumwondoa. Zuhura nilimkuta. Alikuwa mtani wangu kabla sijawa na duka."

Hapo ndipo nilipopata nusu ya jibu. Ada ilimlisha Bi Zuhura, lakini nguvu yake haikutoka kwenye ada, na kwa hiyo aliyetoa ada hakuweza kuiondoa. Nusu ya pili tuliipata kwa shida zaidi, maana si kila mtu alikuwa na mtani. Mama Neema ndiye aliyelisema: "Na mimi Mbena? Nani atanichukulia simu? Au mimi nivujishe tu?" Tukacheka, kisha tukaona hatanii. Tukaamua mambo mawili. Hakuna mtu mmoja kubeba nusu tena, hata akiomba kwa machozi; kila kibanda ada yake, na kibanda kidogo ada ndogo. Na ada yote italipwa mwanzoni mwa mwaka, pamoja na leseni, kabla mtu yeyote hajajua nani atakuja kulalamikiwa. Wakati wa kulipa kila mmoja alijiona ni mwema, kwa hiyo alilipa. Malalamiko yalipokuja, hela ilikuwa imeshaingia na haina pa kurudi. Asiye na mtani alinipata mimi na leseni yake. Nilikuwa mtani mbaya, siwezi matusi, lakini leseni niliweza kuikalia.

Haikudumu milele. Minara ikaja, kila mtu akawa na kibanda chake mfukoni, na umoja ukafa kifo cha kawaida bila ugomvi. Bi Zuhura akarudi kwenye wali wake muda wote.

Mpwa wangu, refa wako analipwa na timu zote, kabla ya mechi, na hamna timu inayoweza kumfukuza uwanjani. Chunguza kama ndivyo ilivyo huko kwenu. Kama sivyo, pigeni kelele kuhusu hilo. Na kama bado unauliza kwa nini alipe anayekaguliwa, nitakupeleka siku moja ya msimu ule wa korosho, kwenye mgahawa wa nyuma ya soko, ambako nilikuwa nakula.

Mama Somoe aliingia na kikapu kichwani. Alikuwa ameokota mwenyewe, ameuza mwenyewe, na nyingine amezibangua. Akakishusha mezani mbele ya Bi Zuhura, kimejaa hadi juu.

"Zako hizi. Sina kingine."

Bi Zuhura alichukua korosho moja, akaitafuna, akatikisa kichwa kwa kuisifu. Kisha akakisukuma kikapu kikarudi.

"Rudi nazo, mama. Mimi nimeshalipwa."

"Nani kakulipa? Mimi sijakupa kitu."

Bi Zuhura aliinua kidole chenye mafuta ya samaki, akaelekeza kule stendi, kwenye duka la Hashimu.

"Yule?" Mama Somoe akashangaa.

"Yule. Mpaka mwisho wa mwaka. Na asante simpi."

Mama Somoe alitazama kule. Kisha akajitwisha kikapu chake kilekile, akakaza kanga, akapita taratibu mbele ya duka la Hashimu, akamwamkia vizuri, naye akaitika vizuri, akaenda kutafuta gari la Ruangwa.